Ngazi ya Vipandio Vitatu

Fundi alikuwaga hagongi mlango. Anagonga ukuta pembeni ya mlango, kwa kifundo cha kidole, mara mbili au tatu, halafu anatulia anasikiliza kama daktari aliyeweka kipimo kifuani kwa mgonjwa. Sie ndani tunajua ni yeye, maana hakuna mgeni mwingine anayeujulia hali ukuta kabla ya wenye nyumba. "Mchanga wa hapa ulikuwa na chumvi," anasema, peke yake. Ndipo inafuata hodi. Mie namwamkia shikamoo kwa sauti yangu ndogo, naye anaitikia marahaba huku macho bado yapo kwenye lipu.

Kule kwetu Tandale, bondeni karibu na mto, mafundi walikuwa wengi: fundi bomba, fundi simu, fundi cherehani. Yeye alikuwa Fundi, basi. Ukimtuma mtoto kwa Fundi, hakosei nyumba. Vibanda na nyumba nyingi za njia yetu alizijenga yeye, au alizinyoosha baada ya mwingine kuzipinda. Hata alipofika umri wa kutembea hatua kumi na kupumzika, watu walikuwa hawachimbi msingi bila kumwita aje atazame kamba. Anakuja, anafumba jicho moja, anaitazama, anaondoka. Akiondoka bila kusema kitu, mwenye nyumba anamshukuru Mungu. Akiomba kiti, ujue kazi imeharibika.

Alikuwa na tepu nzuri ya kupimia, zawadi aliyopewa na mhandisi mmoja wa barabara, lakini hakuiamini hata siku moja. Aliifungia chandarua. Yeye alipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na shibiri, na unene wa kidole gumba. Vijana wa saiti walikuwa wanamtania kwamba siku akikatwa kucha nyumba zote za Tandale zitapungua. Anawajibu kwamba nyumba zao zimepungua tayari, wala hakuna aliyekatwa kucha.

Kuna nyumba alikuwa hanywi chai ndani yake. Si kwa ugomvi. Fremu ya mlango imepinda, na yeye akikaa mahali anaona fremu iliyopinda anasema chai haishuki. Basi analetewa kikombe nje, anakaa ameipa nyumba mgongo. Mwenye nyumba mmoja alikasirika, akanunua fremu mpya, akamwita. Fundi akaingia, akakaa, akanywa vikombe vitatu, akasema sasa kazi imebaki kwenye dirisha.

Mie alinipenda, na sijui kwa nini. Mie ni mtu wa aibu, naliandika hili bila kulipamba. Darasani nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono. Mgeni akija nyumbani nakimbilia uani kuosha vyombo visafi. Watu wazima wengi wakiniona hivyo wananiuliza mbona huongei, kana kwamba swali hilo litanifungua mdomo. Fundi hakuniuliza. Aliniambia tu, shika hapa, nikashika ncha ya kamba, akaenda na ncha nyingine. Nilishika kamba zake tangu nikiwa darasa la tano. Siku moja, akiwa na timazi mkononi ananyoosha ukuta, akasema mbele ya mafundi wengine, "Huyu mwanafunzi ni kama timazi. Kimya, ila ukimsogelea unajua umepinda." Wakacheka, na mie nikacheka pia, nikashangaa kwamba mtu anaweza kunisema mbele za watu na nisitamani ardhi ipasuke.

Kwa mtu aliyewanyooshea wenzake nyumba, chumba chake mwenyewe kilikuwa kichekesho. Hakuwahi kujenga kwake. Alipanga chumba kimoja nyuma ya njia yetu, kwenye nyumba iliyojengwa na mtu ambaye Fundi alikuwa hataki hata kumtaja. Ukuta ulikuwa umelala kiasi kwamba kalenda ilining'inia mbali nao, unaweza kupitisha ngumi nyuma yake. Na korido ya nyumba hiyo ilikunja mara mbili kama utumbo kabla ya kufika kwake. Nilimuuliza siku moja, maana yeye nilikuwa naweza kumuuliza, kwa nini hajajenga. Akasema wenye njaa zaidi ni watoto wa mpishi. Halafu akaongeza, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mvua, "Ila mie humu siwezi kufa. Nitawasumbua watu." Nilidhani anatania. Nilichelewa sana kuelewa.

Msemo wake mkubwa, ambao mtaa mzima uliujua, ulikuwa huu: nyumba ina mambo mawili, kuingiza kitanda na kutoa jeneza, mengine yote rangi.

Hakuusema tu. Bibi yangu, mama yake mama, alinihadithia kwamba zamani Fundi alikuwa anakwenda msikitini kuazima jeneza lenyewe. Msingi ukishavutiwa kamba, kabla ya jembe la kwanza, anachukua watu wanne, wanalipitisha jeneza tupu kati ya kamba, mlangoni, koridoni, chumba kwa chumba, waone kama linageuka. Asubuhi moja mwenye duka mmoja, Mwarabu wa pale sokoni, alifika kwenye kiwanja chake na sahani ya tende na ubani wa kuombea dua, akakuta jeneza limekaa katikati ya kiwanja. Alikaa chini akaomba maji. Alipopata pumzi akamuuliza Fundi, unanizika hata sijahamia? Fundi akasema hapana, nakupimia njia tu. Habari ikasambaa kwamba Fundi ana uchuro, anaita msiba kwenye nyumba ambayo haijapata hata mlango, na msikiti ukakataa kuazimisha tena.

Ndipo akatengeneza ngazi. Miti miwili ya mirunda, urefu wa jeneza, upana wa jeneza, na vipandio vitatu tu, vimeachana hivi kwamba hata twiga angepanda kwa shida. Ngazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipanda. Kila mtu alijua ni nini, lakini kwa kuwa ni ngazi, hakuna aliyeweza kusema uchuro. Mwenye nyumba anaulizwa kwa adabu kabisa, "Ngazi inapita?" Na yeye anajibu kwa adabu, inapita Fundi, huku akitazama pembeni. Chumbani kwake Fundi haikuingia, kwa hiyo ililala nje, imefungwa kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha.

Bibi ndiye aliyeniambia pia sababu. Nyumba ya kwanza ambayo Fundi aliisimamia mwenyewe, alikuwa kijana, anajiona. Mwenye nyumba hakutaka mpita njia aone uani, basi Fundi akaikunja korido kwa madaha, na watu wakawa wanakuja kuitazama. Mwaka haukuisha, mama mzazi wa mwenye nyumba akafariki. Jeneza likagoma konani. Ikabidi walitoe tupu, na yule bibi wamtoe mikononi, wamemsimamisha wima, wanaume wawili wamemkumbatia kwenye kona ili apite. Fundi alikuwa nje, kwenye kundi la wanaongoja kubeba. Aliona sanda ikitokea imesimama.

Nilipomuuliza kama ni kweli, alisema bibi yako anapenda hadithi. Lakini siku ile nzima hakugonga ukuta wowote.

Sasa niseme kuhusu maonyesho tuliyokwenda mie na Fundi.

Bondeni kwetu maji yalikuwa yanaingia ndani kila msimu wa masika, na kila ukuta ulikuwa na mstari wake wa tope. Wakazi wa njia yetu walikuwa na chama, mama yangu ndiye katibu, na baada ya miaka ya vikao tukapata kiwanja Goba, juu mlimani, ambapo maji yanapita bila kusalimia. Wasanifu wa shirika moja la nje, wakishirikiana na vijana wa hapa, walijitolea kutuchorea nyumba: moja kubwa kwa kaya sita, nyumba kama hizo kadhaa. Fundi alikuwa kwenye orodha, chumba kimoja. Alikuwa hajawahi kuwa kwenye orodha ya kitu.

Ramani ilipoletwa, mama aliitandaza mkekani. Ilikuwa nzuri, ina madirisha mapana, ina kivuli, ina uani. Fundi hakusoma namba. Aliweka kidole mlangoni, akakitembeza. Kidole kikaingia, kikakutana na ukuta wa stara, wa kuficha uani, kikakunja kulia, kikasimama.

"Hapa," akasema.

Kwenye kikao alieleza. Vijana wakamwambia wale wamesomea, Fundi, tena wameshinda tuzo, tusianze kuwatia aibu na habari za maiti wakati tunapewa nyumba. Mmoja akasema wazee wana uchuro, watatukosesha. Hakuna aliyemuunga mkono, na mie nilikuwepo, nimekaa nyuma na daftari la mama la mahudhurio, na mie pia sikusema kitu. Ilijulikana kwamba mfano wa nyumba yetu, mkubwa kama nyumba yenyewe, utajengwa kwa mbao kwenye maonyesho ya kimataifa ya usanifu majengo yanayokuja mjini, watu watapita ndani, watatoa maoni, na maonyesho yakifungwa ramani nayo imefungwa, ujenzi unaanza. Chama kilipewa kadi mbili za mwaliko. Moja ya Fundi kwa heshima ya umri. Nyingine ya katibu, lakini mama alikuwa na tenda ya kupika pilau la harusi Mwananyamala, akanipa mie kwa sababu, alisema, una Kiingereza.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kiingereza nilikuwa nacho daftarini.

Asubuhi hiyo Fundi alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kutarizi, na alikuwa amekuja na kirikuu, kigari cha mizigo cha muuza nyanya wa sokoni. Juu ya kirikuu, kati ya matenga matupu, ilikuwa imelala ngazi.

Nilipanda.

Mlango mkubwa wa ukumbi ulikuwa na bendera za nchi nyingi na zulia. Mlinzi alitazama kadi zetu, akasema karibuni, akatazama ngazi, akasema hii hapana. Fundi hakubishana. Alizirudisha kadi mfukoni, akavua kanzu akabaki na shati na suruali, akamwambia dereva azunguke nyuma. Geti la nyuma mlinzi mwingine akauliza mnakwenda wapi. Fundi akasema, "Fundi." Mlinzi akasema, "Mmechelewa, wenzenu wameanza tangu saa moja," akatufungulia.

Ndiyo maana sie maonyesho tuliyaona kwanza kwa mgongoni. Tulipita kati ya makasha na waya, na kila kitu kilichokuwa kinang'aa kwa mbele tukakiona kinavyoshikiliwa. Fundi alifurahi kama mtoto. Alisema mbele ya kitu kila mtu anajua kupendeza. Mnara mmoja wa vioo, mfano wa jengo la mji fulani wa ghuba, kwa nyuma ulikuwa boksi na gundi ya karatasi. Akauzunguka, akauliza kwa upole wapi watu wanaanika nguo. Hakuna aliyejua. Akaenda.

Nisimfanye kuwa mtu wa kudharau. Kulikuwa na sehemu ya Wajapani, nguzo na boriti zimeungana bila msumari hata mmoja. Alisimama pale muda mrefu mpaka nikachoka na ngazi. Alipitisha kidole kwenye maungio, akakirudisha, akanitazama, macho yamelowa kidogo. "Huyu ni mtu," akasema, yaani aliyeunga. Kwingine kulikuwa na ukuta wa udongo wenye vishimo vya kupitisha upepo, na karatasi inayoeleza jinsi vinavyopozesha chumba. Aliniambia nimsomee, nikamtafsiria polepole, akaniambia nisome tena, halafu akasema miaka yote hiyo alikuwa anaweka vile vishimo juu kumbe vingine viwe chini. Alilisema wazi, bila kona. Aliniamuru nichore. Mchoro ule bado ninao.

Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa ukumbi. Mbao zimepakwa rangi nyeupe, mlango wa bluu, dirisha lina pazia. Watu walikuwa wanapita ndani na kupiga picha. Niliona kabisa ni wapi mama angeweka kabati lake, na kwa nusu dakika nilitamani Fundi aache, tuishi tu, tufurahi.

Akashika mbele, nikashika nyuma. Tukaingia mlangoni na ngazi. Hatua nne, ukuta wa stara, kulia. Ngazi ikagonga huku, tukarudi, ikagonga kule. Ikakwama kama mfupa kooni. Rangi nyeupe ikachunika.

Akaja kijana wa Kitanzania aliyevaa tai, mmoja wa waliochora, akiwa na yule mbunifu mkuu mwenyewe, mama mmoja Mzungu wa makamo mwenye miwani ya fremu nyekundu. Kijana aliuliza kwa Kiswahili cha haraka nani ameruhusu ngazi. Fundi akamwamkia vizuri, akamweleza, bila kuzunguka, kwamba hili ni umbo la jeneza na halipiti. Kijana akashusha sauti. Alisema, mzee wangu, kitanda cha siku hizi kinafunguliwa skrubu, kinaingia.

"Na maiti naye tumfungue?"

Kijana akasema kwa dharura kubwa kuna dirisha, limepanuliwa makusudi.

"Dirishani anatoka mwizi," Fundi akasema. "Mtu anatoka mlangoni."

Yule mama akauliza mzee anasemaje. Na kijana wa tai, sijui kwa aibu, sijui kwa huruma, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee ana wasiwasi kuhusu kuingiza fanicha. Mama akatabasamu, akasema fanicha itatengenezwa maalumu, asihofu.

Nililielewa kila neno. Kwa upande wetu ni mie tu niliyelielewa. Fundi alinigeukia akauliza wamesema nini, nikamwambia. Hakukasirika. Alikuwa bado ameshika ngazi iliyokwama, jasho limemtoka, na nikamwona ghafla alivyo mzee, na nikakumbuka chumba chake na ile korido, na nikajua mtu huyu hazungumzii watu wengine. Anatafuta mahali ambapo yeye akifa atatoka amelala.

"Mwambie," akasema.

Watu walikuwa wameshajazana mlangoni na simu zao. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha daftarini, nikimtazama yule mama miwani tu, si macho: samahani, mama, si fanicha. Ngazi hii ni kipimo cha jeneza. Kwetu mtu akifa anaoshwa nyumbani na anatoka nyumbani, amelala, watu wanne wamembeba. Katika nyumba yako hawezi kutoka.

Kijana wa tai alitazama viatu vyake. Yule mama akaniuliza, taratibu, ni nani atakayeishi humu.

"Mie," nikasema, nikasahau Kiingereza. Nikamwonyesha Fundi. "Na yeye."

Hilo halikuhitaji mkalimani.

Yule mama alivua saa yake akaiweka dirishani. Akamwambia kijana avue koti. Akamwita mlinzi, yule yule aliyetukatalia mbele, na wote wanne wakashika: Fundi na mlinzi mbele, yule mama na kijana nyuma. Nilisimama pembeni nikitafsiri amri za Fundi, polepole, geuza, shusha bega, rudi. Walijaribu kila namna. Mwishowe mama akafanya ambavyo mtu yeyote angefanya na ngazi, akaanza kuinyanyua upande mmoja ili isimame wima ipite.

"Usimsimamishe," Fundi akasema.

Nikatafsiri. Yule mama akaishusha mara moja, kwa mikono miwili, kwa adabu, kama kweli kulikuwa na mtu amelala juu yake. Mbele ya wageni wa nchi zote zile, hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mafundi. Fundi alitoa chaki, akapiga magoti, akachora sakafuni. Stara haiondoki, alisema, watu wa barabarani wasione uani, hilo wamelifikiri vizuri. Lakini ukuta usogee ndani, kona iwe ukumbi. Akapima kwa mkono, kiwiko kwa kidole, mara tatu na ushee, akasema futi tano na nusu. Yule mama akavuta tepu yake. Akaonyesha: futi tano na nusu na kidole kimoja zaidi.

"Kidole hicho cha lipu," Fundi akasema, bila kuinua kichwa.

Nilipolitafsiri hilo, yule mama alicheka mpaka akavua miwani, na watu wakapiga makofi. Kijana wa tai naye akapiga, nadhani kwa nafuu. Lakini kulikuwa na hesabu moja imebaki, naye yule mama akaisema: ukuta ukisogea, chumba cha kwanza kinapungua, kitakuwa kidogo kuliko vyote, na ni nani atakayekubali kukichukua baada ya kuona vya wenzake?

"Hicho nipeni mie," Fundi akasema.

Tuliondoka kwa mlango mkubwa, wa zulia. Mlinzi aliishika ngazi upande mmoja mpaka nje, akampa Fundi mkono. Fundi alikuwa amevaa kanzu yake tena, na chaki ya vidole vyake ilikuwa imeipaka kifuani, na hakuifuta mpaka tunafika Tandale. Mie nilitamani kila mtu njiani aniulize tumetoka wapi. Hilo halijawahi kunitokea, kutamani kuulizwa.

Siku tatu baadaye mama alipokea picha kwenye simu. Maseremala wa maonyesho walikuwa wameukata ule ukuta na kuusogeza hadi kwenye mstari wa chaki, na mstari wenyewe wameuacha, watu wanapita juu yake. Chama kizima kilijaa kwetu kuangalia. Yule aliyesema wazee wana uchuro ndiye aliyeipokonya simu kwanza akamwonyesha Fundi, kwa sauti kubwa kuliko wote. Fundi aliisogeza picha mbali, akaisogeza karibu. Akasema wamekata vibaya, ila wamekata.

Tumehamia Goba sasa. Upepo wa huku unafunga milango wenyewe, na udongo ni mwekundu, soksi za shule hazitakati. Niko kidato cha nne, nanyoosha mkono mara mojamoja, si kila siku. Fundi siku hizi hatoki sana. Miguu. Chumba chake ndicho kile cha kwanza, kinatosha kitanda na mtu, na jua la mchana linakipiga upande.

Jumapili iliyopita, saa saba mchana, nilikuwa nahamisha maji kutoka kwenye tangi la mbele kupeleka uani, ndoo mbili, moja kila mkono. Nikaingia koridoni, pale kwenye kona aliyoichorea chaki, nikasimama. Fundi alikuwa amelala juu ya mkeka katikati ya njia, chali, mikono kando, mdomo wazi kidogo. Hakoromi. Mtoto wa jirani alitoka uani na baiskeli, akampita. Mama akatoka na sinia la mchele wa kuchagua, akampita, akaniuliza nimesimama nini, maji yanahitajika. Hakuna aliyemtazama. Mie nilitua ndoo, nikachuchumaa, nikamtazama kifua. Nilihesabu mpaka nane kabla hakijapanda.

Akafumbua jicho.

"Unanipima?"

Nikamwambia hapana, Fundi, shikamoo, nilidhani umelala.

"Nimelala. Chumbani joto." Akafikicha uso, akanitazama mie, akatazama ndoo, akatazama kuta kulia na kushoto kwake. Nikamuuliza nimsaidie asogee kidogo.

"Nisogee niende wapi? Pita, nafasi ipo."

Nikazinyanyua ndoo, zote zimejaa hadi ukingoni, nikapita. Kiwiko hakikugusa ukuta, na wala tone halikudondoka mkekani. Nilipofika mlango wa uani nikamsikia nyuma yangu ameshaanza kukoroma.